Kitambi Kilichochukua Kombe

Kosa lilikuwa langu, na nilikiri palepale, ila maikrofoni ilikuwa imezimwa, na aliyeizima ni mimi. Nilidhani muziki umekwama.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki vya bluu na feni tatu, mbili zikizunguka na moja ikitazama wenzake. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye meza ya muziki, na mashine yangu ya sauti, kompyuta ya kuazima, utepe wa gundi na kikombe cha chai. Waya mrefu ulitoka mezani kwangu, ukapita chini ya meza ya majaji mpaka jukwaani, na niliubandika sakafuni kwa mkono wangu mwenyewe ili mtu asijikwae. Nina diploma ya umeme. Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza friji. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa diploma anaweza kushindwa na kitufe kimoja.

Yalikuwa mashindano ya densi ya tumbo, kundi la mchanganyiko. Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa sijui kwa miaka mingi ingawa nililala kitanda kimoja na mchezaji: unachukua densi ya tumbo, ile ya mkanda wa sarafu na kiuno kinachoandika nane, unaichanganya na kitu kingine chochote unachopenda, mradi kisionekane kimebandikwa. Mmoja alichanganya na sarakasi. Mwingine alichanganya na viatu vya kugongagonga sakafu. Mama mmoja alichanganya na karate, akavunja ubao, na majaji wakampa alama nzuri sana, nafikiri nyingine zilikuwa za ubao.

Mke wangu alichanganya na kliniki ya meno.

Yeye ni karani wa mapokezi kliniki. Anakaa kwenye dirisha dogo, anawapokea watu walioshika mashavu, anawaambia wakae. Huko ndani mashine ya daktari inalia, na kwenye benchi kila mtu anajifanya anasoma bango la mswaki. Halafu mashine inanyamaza. Mke wangu aliona kwamba hapo, mashine inaponyamaza, matumbo yote kwenye benchi yanajikaza kwa pamoja, kisha yanaachia moja baada ya jingine, kama shuka linalokung'utwa. Alilitazama jambo hilo miaka. Akaja nalo nyumbani. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati, mbele ya jiko, kwenye foleni ya benki, mpaka akaliweka lote ndani ya tumbo moja, la kwake. Densi yake ilijengwa hivyo: ngoma zinapanda, matoazi ya vidoleni yanalia, kiuno kinakatika, kila kitu kinakwenda juu, halafu ngoma zinakata. Kimya kabisa. Na ndani ya kile kimya linapita wimbi, kuanzia chini ya mbavu mpaka chini ya kitovu na kurudi, mwili mwingine wote ukiwa umesimama kama mlingoti. Kisha ngoma zinarudi.

Aliniambia haya jikoni, wiki ya mashindano.

"Baba Pacha, ngoma zikikata usiguse kitu. Hapo ndipo pangu."

"Sawa," nikasema. Nilikuwa nafungua pasi iliyokuwa na hitilafu.

"Nimesema nini?"

"Umesema vizuri."

"Sijakuuliza nimesemaje. Nimekuuliza nimesema nini."

"Mama Pacha, mimi mtu wa umeme. Wewe cheza, muziki niachie."

Akaniachia.

Na siku hiyo hakuwa anatafuta kombe. Kombe lilikuwa la bati, nilikuwa nimeliona likipakwa rangi. Mwalimu, mwenye ukumbi wa densi, alikuwa ametangaza kwamba atakayeshinda atapewa darasa la Jumamosi alifundishe yeye, kwa jina lake, jina likiandikwa mlangoni. Mke wangu alikuwa amefagia mlango ule, ameshona mikanda ya wanafunzi wa watu, ameshika watoto wa wachezaji wengine wakati mama zao wanacheza. Jina mlangoni ndilo alilolitaka. Alikuwa ameshachagua na herufi.

Sasa, asubuhi ya mashindano, muziki wa mchezaji wa kwanza ulikwama katikati, na ukumbi ukabaki kimya, watu wakakohoa. Mwalimu akaja mezani kwangu mbio na viatu vyake vya visigino.

"Shemeji, kimya ukumbini ni aibu. Ukisikia kimya, kifunike. Sitaki kusikia mtu akikohoa tena."

Basi mimi na ufundi wangu nikatafuta sauti ya makofi, makofi ya watu wengi sana, wengine wakipiga miluzi, nikayaweka kwenye kitufe chekundu. Nilijivunia kitufe hicho. Nilikijaribu mara kadhaa wakati watu wanakula mkate wao, wakashangiliwa.

Mke wangu alipanda akiwa wa mwisho. Nakiri alikuwa mzuri. Ngoma zikapanda, kiuno kikakatika, sarafu zikaimba, mama wa karate akaacha kujipepea. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Ngoma zikakata.

Kimya.

Nikafikiria: leo nimeumbuka, muziki wa mke wangu ndio umekwama. Nikabonyeza kitufe chekundu, nacho kikauzima wimbo wake.

Makofi ya watu wengi yakajaa ukumbini. Miluzi ikapigwa. Kwa msisitizo nikawasha maikrofoni nikasema, "Makofi zaidi kwake!" kisha nikaizima.

Wimbi lilikuwa limeshaanza. Lilikuwa limetoka chini ya mbavu zake na limefika kama nusu ya safari. Liliposikia makofi lilisimama, kama mgeni aliyefika kwenye nyumba akakuta watu wanaagana. Halikuweza kurudi juu na halikuwa na kimya cha kushukia. Likatoka. Lilishuka jukwaani kwa ngazi za pembeni, likapita chini ya meza ya majaji, maji kwenye glasi zao yakatikisika kwa mpangilio, likafuata waya niliobandika, ambao sasa najuta kuubandika vizuri vile, likapanda mguu wa kiti changu na kuingia kwenye kitambi changu.

Kitambi hiki nilikuwa nacho tangu mapacha wazaliwe. Kazi yake ilikuwa kuweka simu nikiwa nimelala chali. Hakijawahi kupanda hata ngazi bila kulalamika. Sasa kilijikaza chote, kikainuka upande wa kushoto, kikashuka taratibu mkunjo kwa mkunjo, kikafika chini, kikageuka na kupanda tena. Kifungo cha shati kikaruka na kutua kwenye chai. Makofi ya mashine yalipokwisha, ukumbi ukawa kimya, na hapo kikafanya vizuri zaidi.

Watu waligeuza viti. Waliponiona wakanyamaza zaidi, halafu wakapiga makofi ya kweli, ambayo, nilitambua kwa mara ya kwanza, hayafanani kabisa na yale ya kitufe.

Jukwaani mke wangu alikuwa amesimama. Tumbo lake lilikuwa bapa na tulivu kama shuka lililopigwa pasi. Akainama kuwaaga watu waliokuwa wamempa mgongo, akashuka.

Jaji mkuu alikuwa mama mstaafu wa forodha, mwenye miwani ya kamba. Aliwaita majaji wenzake, wakaja mpaka mezani kwangu, wakakitazama kitambi kwa zamu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye akafika, mkoba kwapani.

"Hilo ni la dada yangu," alisema.

"Tumbo ni la shemeji yako," jaji mkuu akamjibu. "Tunachojadili ni kilichomo."

"Kilichomo ndicho ninachosema! Huyu hajawahi kucheza hata kwenye harusi yake. Alikaa kama gunia la mbolea, nina picha."

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwa nimebanwa na viatu."

"Unyamaze, umeshasema vya kutosha na hiyo mashine yako."

Jaji mkuu akamgeukia mke wangu, ambaye alikuwa amejifunga khanga juu ya mkanda wa sarafu.

"Mama, unadai?"

"Nadai," mke wangu akasema.

"Una alama yoyote ya kulitambua?"

"Linaanzia chini ya ubavu wa kushoto, pumzi ikiwa nusu. Linapofika kwenye kitovu linasita kidogo, kwa sababu mgonjwa wa tatu kwenye benchi huwa anachelewa kuachia. Subirini kidogo mtaona."

Watu wote wakanyamaza ili waone. Kitambi kikaanza kushoto, kikashuka, kikafika kwenye kitovu, kikasita.

"Sawasawa kabisa," jaji mkuu akasema, na alisema kwa upole, sina kinyongo naye. "Maelezo yanalingana na mzigo. Lakini mama, miaka yangu yote forodhani, mzigo unaandikwa kwa aliyekutwa nao. Tukianza kuuliza nani aliufunga, tutalala hapa."

"Basi nirudie," mke wangu akasema. "Nipeni muziki tena, bila makofi."

"Sheria hairuhusu kurudia. Na utarudia na nini?"

Mke wangu akajishika tumbo. Likaja suala kwamba mimi sikuwa nimejiandikisha. Mwalimu akasema hilo si tatizo, kwani mimi nilikuwa na kitambulisho cha fundi kilichoning'inia shingoni, na kimeandikwa "Mshiriki" kwa sababu vya mafundi vilikwisha. Wakaangalia. Ni kweli kilikuwa kimeandikwa Mshiriki. Nikapewa kombe. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, nikarudi nyumbani na viganja vya dhahabu.

Jioni ile tulijaribu kulirudisha. Tulisimama jikoni tumbo kwa tumbo, taa ikiwaka, tukanyamaza. Wimbi likapita kwangu, likafika ukingoni, likachungulia, likageuka. Tulijaribu tukiwa tumelala. Tulijaribu nikiwa juu ya kiti na yeye sakafuni, maana nilisema, kwa diploma yangu, kwamba vitu hushuka. Halikushuka.

"Limeshazoea nafasi," mke wangu akasema. "Mimi nilikuwa nimelibana."

"Nitapunguza kula."

"Umesema hivyo tangu mapacha wako darasa la kwanza."

Akachemsha chai. Akaweka vikombe viwili. Nilitaka aseme zaidi ya hapo, anitukane hata kidogo, lakini alikuwa anakoroga tu, na kijiko kilipoacha kulia, kitambi changu kikacheza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila penye kimya, lilipita. Kazini, friji ikikata, mafundi wenzangu waliweka bisibisi chini wakangoja niishe, kisha tukaendelea. Kwenye msiba wa jirani tuliambiwa tusimame kimya kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, na nilicheza dakika nzima mbele ya jeneza nikiwa na huzuni ya kweli. Mjane alinishika mkono baadaye akasema marehemu angefurahi, alikuwa mtu wa watu. Mkuu wangu wa kazi alinipa shati la ofisi lisilo na vifungo.

Na jina langu likaandikwa mlangoni. Mwalimu alitumia zile herufi alizochagua mke wangu, kwa sababu zilikuwa zimeshakatwa.

Darasa la Jumamosi lilikuwa na wanawake wengi, wenye bidii, na kina dada wawili waliokuja na mikeka yao. Mimi nilisimama mbele na shati langu lisilo na vifungo, nikasema, "Karibuni. Naomba tunyamaze." Tukanyamaza. Wimbi likapita.

"Mwalimu, unalianzia wapi?" akauliza mmoja.

"Linaanza lenyewe."

"Lakini unapumuaje?"

"Kawaida. Kwa pua."

Wakatazamana. Ndipo mke wangu, aliyekuwa nyuma kwenye meza ya muziki kwa sababu mtu wa muziki alikuwa amepanda cheo, akasema bila kuinua kichwa, "Chini ya ubavu wa kushoto. Pumzi nusu. Msisukume, ngojeni. Fikirieni mnasubiri kuitwa ndani na hamtaki kuitwa."

Wakajaribu. Mmoja akapata robo. Mwingine akapata upande mmoja. Wakafurahi sana, wakaja mbele wakanishukuru mimi. Mmoja alisema hajawahi kupata mwalimu anayeeleza vizuri namna ile.

"Ni mke wangu aliyeeleza," nikasema.

"Una adabu sana, Mwalimu," akaniambia. "Wanaume wengine hawawataji kabisa wake zao."

Mwenye ukumbi naye alipita, akamgusa mke wangu begani. "Una bahati, Mama Pacha. Kipaji kiko ndani ya nyumba." Mke wangu akasema asante. Alikuwa anakunja waya, na anakunja waya vizuri kuliko mimi, hauachi mkunjo hata mmoja.

Nisiseme uongo, nilianza kunogewa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilimwaga ndoo nzima. Nilinunua mafuta ya kung'arisha kitambi, chupa ndogo, inauzwa kwa wachezaji. Nilianza kusema "sanaa yetu." Nilimsahihisha mama wa karate. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya kioo cha kabati, mkono kiunoni, na nyuma yangu mke wangu anasubiri nitoke achukue sare yake ya kazi. Niliomba radhi nikasogea. Alichukua sare, akaivaa, akajitazama tumboni kidogo, kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kupanga. Akaenda kazini.

Siku zile zile nilimuuliza, "Kliniki mashine ikinyamaza, unasikia nini?"

"Sisikii kitu," akasema. "Wanajikaza wote kwenye benchi, mimi nabaki hivi hivi. Napumzika."

Shemeji yangu aliacha kunisalimia. Ananiita Gunia mpaka leo, ila akiwa na wageni anasema "shemeji yangu bingwa."

Mwaka uliofuata mashindano yakarudi, ukumbi ule ule, feni zile zile, ya tatu bado ikitazama. Mimi nilialikwa kama mgeni wa heshima, nifungue kwa kucheza. Mke wangu hakujiandikisha. Alisema hana cha kuleta. Alikuwa kwenye meza ya muziki, na kompyuta, na gundi, na kikombe cha chai, na kitufe changu chekundu, ambacho hakuna aliyekiondoa.

Nilikuwa nimepanga jambo. Mbele ya watu wale wale, na majaji wale wale, nilitaka kusema kwa maikrofoni iliyowashwa kwamba wimbi ni lake, na nisimame nikimwelekea, kimya kikija, labda lione haya lirudi kwake. Nilimweleza jikoni. Alikuwa anafungua kopo la majani ya chai.

"Sawa," akasema.

"Nimesema nini?"

Akanitazama. "Umesema vizuri."

Nikapanda. Nikasema niliyopanga kusema. Nilisema yote, na jina lake nikalitaja, na kliniki nikaitaja, na kitufe. Watu wakapiga makofi kwa unyenyekevu wangu. Jaji mkuu akavua miwani akajifuta macho, na akaandika kitu, na baadaye nilijua aliniongezea alama ingawa sikuwa nashindana.

Kisha ngoma zikaanza. Muziki ulikuwa ule ule wa kwake, ila safari hii alikuwa ameukata vipande viwili. Ngoma zikapanda, nikatikisika kadiri ya uwezo wangu, yaani kidogo, na watu wakavumilia kwa sababu walijua kinachokuja. Ngoma zikakata.

Kimya kikatanda. Wimbi likaanza chini ya ubavu wa kushoto, pumzi nusu. Likafika kwenye kitovu, likasita, likashuka, likapanda. Hakuna aliyekohoa. Hapo ndipo ngoma zinapotakiwa kurudi, kwa kitufe cha pili kutoka kulia, na hakuna mtu duniani anayejua urefu wa kile kimya kama mwanamke aliyekuwa amekaa mbele ya kitufe hicho.

Hazikurudi. Wimbi likaanza tena. Likashuka, likapanda. Jasho likanitoka, kwa sababu mwili mwingine wote lazima usimame kama mlingoti na mimi sikuzaliwa mlingoti. Nilimtazama. Alikuwa ameegemea kiti, mikono mapajani, anatazama tumbo langu kwa makini, midomo imefunguka kidogo, kama mtu wa benchi anayesikiliza mashine ya daktari imenyamaza na hajui ataitwa nani. Chai yake ilikuwa inafuka moshi. Mara ya tatu likapita, mara ya nne. Ukumbi mzima ulikuwa umeshika pumzi, na wote waliona ni sehemu ya densi.

"Mama Pacha," nikanong'ona.

Mtu wa mstari wa mbele akajiwekea kidole mdomoni, akanitazama: shh.

Likapita tena. Lilikuwa zuri. Hata mimi niliona ni zuri, na mimi ndiye niliyekuwa chini yake.

"Mama Pacha," nikasema, safari hii kwa sauti, "bonyeza basi. Hata yale makofi."